Wanafunzi wahesabuje ndege wa majira ya baridi kwenye vilishio vya shule bila kuwahesabu mara mbili?

Mwalimu wa Sayansi (mwuliza swali)

Salaam kwenu nyote. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi iliyoko kaskazini mwa Marekani, ambako theluji hulala ardhini kwa miezi kadhaa. Msimu huu darasa langu limetundika vyombo viwili vya kulishia ndege mbele ya dirisha: kimoja kina mbegu za alizeti nyeusi, na kingine kina shahamu ya ng'ombe iliyogandishwa kwa ajili ya vigogota. Wanafunzi huketi dirishani kwa zamu wakiwa na darubini na karatasi ya kuandikia, na hamu yao ni kubwa kuliko nilivyotarajia.

Tatizo limetokea katika hesabu yenyewe. Kundi la kwanza huweka alama kila mara ndege anapotua, na mwisho wa zamu hupata idadi kubwa sana ya chikadii, wale ndege wadogo wenye kofia nyeusi na mashavu meupe. Kundi la pili huhesabu wale tu wanaoonekana kwa wakati mmoja, na hupata wachache. Kila kundi linaamini kwamba hesabu yake ndiyo ya kweli, na mimi sikutaka kuamua kwa kutumia mamlaka ya ualimu badala ya sababu. Ningependa kupata sababu zinazoeleweka na mtoto wa miaka kumi.

Nina maswali mengine mawili yanayohusiana na hilo. Shule hufungwa kwa likizo mwishoni mwa Desemba, wakati baridi ni kali, na baadhi ya wanafunzi wana wasiwasi wa kweli kwamba ndege waliozoea kula kwetu watakufa vilishio vitakapokuwa vitupu. Aidha, zipo siku ambazo hakuna ndege hata mmoja anayekuja, na wanafunzi hurudisha karatasi tupu wakisema kwamba hapakuwa na cha kuandika. Je, siku hizo ziachwe?

Mhesabu Ndege

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo, na hongera zaidi kwa kuwaachia wanafunzi wabishane, kwa kuwa ubishi wao ni uleule waliokuwa nao watu wazima walioanzisha hesabu za namna hii. Kanuni inayofuatwa na Project FeederWatch, mradi wa watu wa kawaida kuhesabu ndege kwenye vilishio, unaoendeshwa kwa pamoja na taasisi ya ndege ya Cornell Lab of Ornithology ya Marekani na shirika la Birds Canada, ni ile ya kundi lako la pili: kwa kila aina ya ndege, andika idadi kubwa kabisa iliyoonekana kwa wakati mmoja katika muda wote wa kuhesabu. Ikiwa saa ya kwanza walionekana junko (ndege wadogo wa kijivu wanaokula chini) wanne kwa pamoja, saa ya pili saba na saa ya tatu watatu, kinachoandikwa ni saba. Hakiandikwi kumi na nne, kwa sababu hakuna awezaye kusema kama wale watatu si miongoni mwa wale saba.

Sababu yake inaonekana vizuri zaidi kwa chikadii kuliko kwa ndege mwingine yeyote. Chikadii hakai kwenye kilishio. Huja, huchagua mbegu moja, huondoka nayo hadi kwenye tawi, huishika kwa vidole vya miguu na kuigonga kwa mdomo mpaka ganda lifunguke, au huenda kuificha katika ufa wa gome ili ailie baadaye, kisha hurudi kuchukua nyingine. Ndege mmoja anaweza kufanya safari nyingi ndani ya saa moja. Kundi lako la kwanza, kwa hiyo, halikuhesabu ndege, bali lilihesabu safari. Hizo nazo zina maana yake, kwa kuwa zinaweza kueleza jinsi ndege wanavyokula zaidi siku za baridi kali, lakini ni swali jingine, na karatasi yake iwe tofauti.

Waambie pia upande wa pili wa ukweli huu, kwa kuwa watoto wanastahili kuujua. Idadi kubwa ya wakati mmoja nayo si idadi kamili ya ndege wanaotembelea shule. Watafiti wanaowavisha ndege pete za miguuni hugundua kwamba wageni wa kilishio kimoja ni wengi kuliko wanaoonekana kwa pamoja. Kwa hiyo namba saba haimaanishi kwamba junko wa mtaa mzima ni saba. Inamaanisha kwamba hawapungui saba, na hilo ni jambo ambalo mwanafunzi anaweza kuliapia. Nguvu ya namba hiyo iko katika kupatikana kwa njia ileile kila wiki na kila mwaka, ili ikipanda au ikishuka tujue kwamba kilichobadilika ni ndege wala si namna ya kuhesabu.

Kwa sababu hiyohiyo, muda uandikwe kila mara. Nusu saa ya kutazama haiwezi kulinganishwa na saa tatu, maana anayetazama zaidi huona zaidi. Katika mradi nilioutaja, mshiriki huchagua siku mbili zinazofuatana, huacha angalau siku tano kabla ya kuhesabu tena, na huandika takribani saa alizotazama, joto la chini na la juu la siku hizo, na kina cha theluji. Msimu wake huanza tarehe 1 Novemba na kuisha tarehe 30 Aprili. Siku mbili zinazofuatana zinapatikana kwa urahisi ndani ya wiki ya masomo, kwa hiyo kanuni hiyo inafaa shule.

Mama wa Mwanafunzi

Naomba kuuliza, kwa kuwa mwanangu amenibana kwa swali hili na sikuwa na jibu. Kadinali dume ni mwekundu mwili mzima, na jike ni wa rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo tu. Ikiwa dume alikuja asubuhi na jike akaja mchana, mtoto anajua kwa hakika kwamba hao ni ndege wawili. Kwa nini basi aandike mmoja?

Mhesabu Ndege

Mtoto huyo amefikiri sawasawa, mama, na ni kweli kwamba ndege hao ni wawili. Hata hivyo kanuni inataka aandike mmoja, na sababu ni ya ulinganifu. Kwa kadinali tunaweza kutofautisha dume na jike kwa mbali, lakini kwa chikadii hatuwezi, kwa kuwa dume na jike wanafanana. Tukiwapa kadinali nafasi ya kujumlishwa na tukawanyima chikadii, tutakuwa tumepima aina mbili kwa vipimo viwili. Isitoshe, mwangalizi mzoefu angeanza kumtambua ndege mwenye kovu, mwingine mwenye unyoya uliovunjika, na hesabu yake ingepanda kadiri uzoefu wake unavyoongezeka, hata kama ndege ni walewale. Mwambie mwanao aandike mmoja katika safu ya hesabu, kisha pembeni, mahali pa maelezo, aandike kwamba aliwaona dume na jike kwa nyakati tofauti. Hapo hakuna alichopoteza.

Niongeze jambo ambalo madarasa mengi hulikosea katika grafu zao. Haifai kulinganisha aina moja na nyingine na kusema, kwa mfano, kwamba shomoro ni wengi mara tano kuliko chikadii kwa sababu namba zao ziko hivyo. Shomoro na njiwa hukaa chini ya kilishio kwa muda mrefu, wakila kwa kundi, kwa hiyo huonekana wengi kwa pamoja. Chikadii hupokezana. Tabia ya kula inaingia ndani ya namba. Linganisheni shomoro wa Januari na shomoro wa Februari, na chikadii wa mwaka huu na chikadii wa mwaka ujao, dirishani hapohapo, kwa muda uleule.

Mtunza Bustani ya Shule

Mimi nitajibu la likizo, kisha niseme neno kuhusu usafi, kwa kuwa ninaliona halijatajwa na bila hilo mradi mzima unaweza kuwadhuru ndege tunaotaka kuwafahamu.

Kuhusu likizo, wanafunzi watulie. Margaret Brittingham na Stanley Temple walifanya utafiti juu ya chikadii wenye kofia nyeusi katika jimbo la Wisconsin, wakachapisha matokeo yake mwaka 1988. Katika majira ya baridi, chikadii waliopata mbegu za vilishio walinusurika kwa kiwango cha asilimia 69, ilhali wale wasio na vilishio walinusurika kwa asilimia 37, na tofauti hiyo ilitokana hasa na vipindi vya baridi kali kupindukia. Hapo mtu anaweza kudhani kwamba ndege wameshakuwa tegemezi. Lakini watafiti hao waliendelea, wakaondoa vilishio mahali ambapo ndege walikuwa wamevizoea, na katika makala ya mwaka 1992 wakaonyesha kwamba ndege hao hawakufa zaidi ya wale ambao hawakuwahi kulishwa. Chikadii huendelea kutafuta chakula cha porini, kama vile mayai na mabuu ya wadudu yaliyojificha kwenye magome, hata pale kilishio kinapokuwa kimejaa. Kwa hiyo likizo haitawaua. Hata hivyo, ikiwa mlinzi au mzazi anayeishi karibu anaweza kujaza mbegu wakati wa dhoruba ya theluji, huo ni wema wenye faida ya kweli, kwa kuwa ni katika siku kama hizo msaada unapohitajika. Ndege huyu ana uzito wa gramu kumi na kitu tu, na usiku wa baridi hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi kadhaa ili asimalize mafuta aliyokusanya mchana.

Sasa usafi. Kilishio huwakusanya pamoja ndege ambao porini wangekuwa wametawanyika, na pale wanapokusanyika magonjwa huambukizana kwa urahisi. Mwaka 1994, katika eneo la Washington, D.C., walionekana kwa mara ya kwanza chiriku wa nyumbani wenye macho mekundu yaliyovimba na kuziba, kutokana na bakteria aitwaye *Mycoplasma gallisepticum*, ambaye hapo awali alijulikana kwa kuwaumiza kuku na batamzinga. Ugonjwa huo ukaenea katika mashariki yote ya Amerika Kaskazini ndani ya miaka michache, na watu wa kawaida waliokuwa wakitazama vilishio vyao ndio waliosaidia kufuatilia njia yake. Kwa hiyo mwanafunzi anayeona ndege aliyejikunyata, manyoya yamefura na macho yamevimba, ana jambo muhimu la kuandika, na mwalimu ana jambo la kufanya siku hiyohiyo: kuteremsha vilishio, kuviosha, na kuviacha chini kwa muda ili ndege watawanyike.

Hata pasipo ugonjwa, vioshwe kila baada ya wiki mbili hivi, na mara nyingi zaidi hali ya hewa inapokuwa ya unyevu. Ondoeni mabaki, sugueni kwa maji ya moto na sabuni, kisha loweka katika mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, suuzeni mpaka harufu iishe, na vikauke kabisa kabla ya kutiwa mbegu. Klorini aishike mtu mzima. Maganda na mbegu zilizooza chini ya kilishio zifagiliwe pia, maana junko na njiwa hula hapo chini. Wanafunzi wanawe mikono kwa sabuni kila baada ya kugusa kilishio au mbegu, bila kuachilia hata siku moja. Mwaka 2021 mamlaka za afya za Marekani zilitoa tahadhari kwa umma baada ya watu kadhaa kuugua salmonela, ugonjwa wa kuhara unaoletwa na bakteria, na ugonjwa huo ukahusishwa na ndege wa porini wanaotembelea vilishio.

La mwisho kwangu ni dirisha. Umesema vilishio viko mbele ya dirisha, lakini hukusema kwa umbali gani. Viwe ama karibu sana, chini ya mita moja kutoka kiooni, ili ndege anayeruka kwa hofu asiwe amepata kasi ya kumwua, ama mbali, zaidi ya mita kumi. Mita tatu au nne ndiyo hatari, ingawa ndiyo inayopendeza kutazama.

Mwanatakwimu

Ninajibu swali la karatasi tupu, kwa kuwa naliona ndilo zito kuliko yote. Siku hizo zisiachwe kamwe. Karatasi tupu ina maana mbili zinazopingana: kwamba tulitazama na hatukuona ndege, au kwamba hatukutazama. Anayekuja kusoma rekodi baadaye hawezi kujua ni ipi. Sifuri iliyoandikwa, pamoja na tarehe, muda na hali ya hewa, huondoa utata huo.

Mfano mzuri ni wa grosbiki wa jioni, ndege wa manjano mwenye mdomo mnene ambaye zamani alikuwa akifika kwa makundi makubwa kwenye vilishio vya kaskazini. Wachambuzi wa takwimu za FeederWatch za miaka ya 1988 hadi 2006 waligundua kwamba maeneo yaliyoripoti kumwona yalipungua kwa asilimia 50, na pale alipoendelea kuonekana, ukubwa wa wastani wa kundi ulipungua kwa asilimia 27. Fikirini jinsi namba ile ya kwanza ilivyopatikana. Haikutokana na watu walioona ndege, bali ilitokana na watu waliokaa dirishani msimu mzima, wakamkosa, na wakatuma ripoti zao vilevile. Kama wangesema hawana cha kuandika, upungufu huo usingeonekana mpaka muda uwe umeshapita.

Napenda pia wanafunzi wajue kwamba wanaingia katika kazi ya zamani. Siku ya Krismasi ya mwaka 1900, Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, aliwaalika watu kuhesabu ndege badala ya kushindana kuwapiga risasi, kama ilivyokuwa desturi ya baadhi ya wawindaji siku hiyo. Watu 27 waliitikia, katika maeneo 25. Hesabu hiyo ya Krismasi inaendelea mpaka leo, kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari. FeederWatch yenyewe ilianzia katika jimbo la Ontario, Kanada, mwaka 1976, na ikapanuliwa kwa bara zima katika majira ya baridi ya 1987 na 1988. Nchini Uingereza, shirika la kuhifadhi ndege la RSPB huwa na hesabu ya saa moja kila Januari, iliyoanza mwaka 1979, nayo pia hutumia kanuni ya idadi kubwa ya wakati mmoja. Mwaka 2019 watafiti walipochapisha kwamba Marekani na Kanada zimepoteza takribani ndege bilioni tatu tangu mwaka 1970, hesabu za watu wa kujitolea, ile ya Krismasi ikiwa miongoni mwao, zilikuwa sehemu ya ushahidi wao. Junko, ambaye darasa lako linamwona kila asubuhi, ni mmoja wa waliopungua sana, ijapokuwa bado ni wengi machoni.

Shauri moja la vitendo: karatasi iwe na orodha ya aina zinazotarajiwa, ikiwa imechapwa tayari, na kila kisanduku kijazwe namba, hata kama ni 0. Mtoto akiona kisanduku kinachomngojea, hatarudisha karatasi tupu.

Mwalimu wa Sayansi (mwuliza swali)

Nawashukuru sana nyote. Nimewasomea wanafunzi maelezo ya safari za chikadii, na kundi la kwanza limependekeza lenyewe kwamba karatasi yao iitwe hesabu ya safari na iendelee sambamba na ile nyingine, ili tuone kama safari huongezeka siku za baridi zaidi. Vilishio vitasogezwa karibu na kioo kesho, na mlinzi wetu amekubali kujaza mbegu wakati wa likizo.

Yamebaki mambo mawili ambayo wanafunzi wameyaleta. Wapo vigogota wa aina mbili, weusi kwa weupe, wanaofanana mno, na darasa hushindwa kukubaliana ni yupi. Na juzi kipanga alitua juu ya mti ulio karibu, ndege wote wakatoweka hadi zamu ikaisha. Mtoto mmoja alisikitika akasema kipanga ameiharibu hesabu. Je, kipanga naye huandikwa?

Mhesabu Ndege

Kipanga huandikwa, Mwalimu, kwa kuwa amevutwa na ndege waliovutwa na chakula chenu, na mradi unahesabu pia ndege wawindaji wanaokuja kwa sababu hiyo. Wasiohesabiwa ni wale wanaopita juu tu, kama vile bata bukini wanaosafiri, bila kuvutwa na chochote hapo shuleni. Hesabu nayo haikuharibika. Andikeni idadi iliyoonekana kabla hajafika, andikeni yeye mmoja, na katika maelezo semeni saa aliyofika. Rekodi kama hizo zimekwisha kutumika: watafiti walizitumia kuonyesha jinsi vipanga walivyoongezeka kwenye vilishio vya jiji la Chicago kuanzia miaka ya 1990, wakifuata mawindo hadi katikati ya mji.

Kuhusu vigogota, tazameni mdomo kwanza wala si mwili, kwa kuwa ukubwa wa mwili hudanganya ndege anapokuwa peke yake. Yule mdogo ana mdomo mfupi, usiofika hata nusu ya urefu wa kichwa chake ukiutazama kwa ubavu. Yule mkubwa ana mdomo unaokaribia kulingana na urefu wa kichwa. Manyoya meupe ya pembeni mwa mkia husaidia pia: kwa mdogo huwa na madoa meusi, na kwa mkubwa huwa meupe matupu. Darasa likishindwa kukubaliana hata baada ya kuangalia picha, liandike kigogota asiyetambuliwa na liache hivyo, bila kupiga kura, kwa maana wingi wa mikono iliyonyooshwa hauwezi kurefusha wala kufupisha mdomo wa ndege.